Baba Mkubwa Akishea Skrini

Baba mkubwa alihudhuria semina ya siku mbili katika hoteli moja ya Watamu, na tangu arudi hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeozwa, aliyezikwa wala aliyekaripiwa bila slaidi. Alirudi na mkoba mweusi, kalamu ya bure, na ufundi wa kurusha herufi. Herufi zake haziingii kwenye skrini kama herufi za watu wengine. Zinatoka pembeni moja moja, zinajibingirisha, zinapigana vikumbo katikati, ndipo zinatulia na kuwa neno "Utangulizi". Mpaka neno limekamilika, mtu ameshapika chai na kuinywa.

Ukoo wetu umetawanyika, kwa hiyo vikao vyetu siku hizi ni vya video. Baba mdogo analinda lango la tajiri mmoja huko Uarabuni. Shangazi ana hoteli ya chai Mariakani, pale malori yanapoegeshwa. Baba yangu anakwangua chumvi Marereni na huja nyumbani Jumapili mbili kwa mwezi. Hapa Matsangoni wamebaki mama, hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, na baba mkubwa mwenyewe, ambaye alikuwa karani wa serikali na baada ya kustaafu amekuwa mwenyekiti wa kila kitu kinachohitaji mwenyekiti.

Kuna jambo moja ambalo semina ya Watamu haikumfundisha, au lilifundishwa wakati wa chai naye yuko kwenye foleni ya sambusa. Mtu akishea skrini, na slaidi zikajaa kioo kizima, haoni watu. Anaona maandishi yake tu. Anayahutubia maandishi yake mwenyewe, anayatikisia kichwa, anayauliza kama yameelewa. Sote katika ukoo tulilijua hilo isipokuwa yeye, na hakuna aliyemwambia, maana hilo ndilo jambo pekee lililovifanya vikao vile vivumilike. Shangazi hutegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuendelea kukaanga mahamri, uso wake unaonekana pale tu anapoinama kuchota unga. Baba mdogo kuna siku aliweka picha yake akiwa amekaa wima na tai shingoni, kisha akaenda kulala. Baba mkubwa alipomaliza slaidi zake ishirini na mbili akazifunga, akakuta ile picha ikimkodolea macho, akamsifu mbele ya wote. "Mwigeni ndugu yenu," akasema. "Saa nzima hakugeuza hata shingo."

Mimi nilidhani wakubwa wote ni hivyo, wakishea skrini wanakuwa vipofu. Kosa lililonifikisha kwenye kikao ninachotaka kukisimulia lilitokana na imani hiyo.

Nasoma shule ya bweni upande wa Malindi, ambayo siitaji jina kwa sababu bado inanilisha. Muhula huo naibu wa mwalimu mkuu alikuwa Kilifi kwa shughuli za ofisi, na badala ya kutuacha tupumue, aliamua kutupa nasaha kwa video, sisi kidato cha tatu wote, bwaloni. Ukutani zilionekana slaidi tu, na sauti yake ikitoka kwenye spika. Mada ilikuwa nidhamu. Mada yake huwa nidhamu hata akitangaza kwamba maji yamekatika. Ana mazoea ya kukohoa mara mbili kabla ya kila hoja, kana kwamba hoja imekwama kooni na yeye anaikwamua. Basi nikasimama mbele ya ukuta, nikaweka mikono nyuma, nikatoa tumbo ambalo sina, na nikawa mdomo wa ile sauti. Akikohoa nakohoa. Akisema "vijana wa leo", midomo yangu inasema "vijana wa leo". Bwalo zima lililala kwenye meza kwa kicheko kisicho na sauti. Niliigiza dakika kumi na tano.

Nisilolijua ni kwamba naibu alikuwa amemwomba mwalimu wa kompyuta aweke simu dirishani, kamera ikitutazama, iingie kwenye mkutano kama mtu wa kawaida. Na kule Kilifi, kando ya kompyuta yake, alikuwa ameegemeza simu ya pili. Slaidi zilikuwa kwenye kompyuta, sisi tulikuwa kwenye simu. Aliniona tangu kikohozi cha kwanza. Hakunikatiza. Alisoma slaidi zake mpaka ya mwisho, kwa sauti ile ile, halafu akasema, "Na yule msichana aliyesimama mbele ya ukuta abaki hapo hapo." Linaloniuma mpaka leo ni kwamba maneno hayo pia nilikuwa nimeanza kuyaigiza.

Nikarudishwa nyumbani wiki mbili na barua. Barua ilisema nitapokelewa nikija na mzazi na neno la familia kwamba itaniwajibikia. Familia ikishindwa, initafutie shule nyingine. Shangazi aliipata hiyo shule nyingine kabla barua haijakunjwa. Iko Mariakani, ni ya kutwa, na kidato cha tatu kimejaa, kwa hiyo ningerudia cha pili. "Atakaa kwangu," akasema. "Nitamnyoosha." Nimeona watu walionyooshwa na shangazi. Binamu yangu mmoja alikaa pale miaka miwili. Huamka alfajiri hata leo, nyumbani kwao, anatafuta vikombe vya kuosha.

Kwa hiyo kikao kilikuwa na swali moja: nirudi shuleni kwangu, au niende Mariakani nikaoshe vikombe vya madereva na kurudia darasa nililolipita.

Kiliitwa Alhamisi saa kumi jioni, kwa sababu saa kumi ndiyo baba hupata robo saa ya kupumzika kule Marereni, na hata hiyo ilibidi amwombe nyapara mapema. Mama, aliyenizaa, hakualikwa. Yeye ni mke wa mtu, na kikao ni cha ukoo. Simu yake ilialikwa. Baba mkubwa aliniketisha kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwenye kompyuta yake, kisha akaniamuru niingie kikaoni kwa simu ya mama, kwa kuwa mshtakiwa lazima awe na kisanduku chake. Simu yake mwenyewe aliizima akaifungia kabatini, kwa mujibu wa sheria za semina. Hawe alikuwa nyuma yetu mkekani, akichambua mchicha.

Visanduku vikafunguka kimoja kimoja. Kutoka Mariakani zikaingia honi za malori, kutoka Uarabuni akaingia baba mdogo akigombana na feni. Baba akatokea wa mwisho, kioo cha simu yake kimepasuka na uso wake umekatika vipande vitatu, kofia kichwani, chumvi imemkaukia kwenye nyusi.

"Wewe mtaalamu wa michezo," baba mkubwa akaniambia, "zima hizo kelele."

Nikainuka nikabonyeza, kwenye kompyuta yake, pale pa kuwazima maikrofoni wote. Ile programu ikauliza kwa kisanduku kidogo kama watu waruhusiwe kujiwashia wenyewe. Palikuwa na alama ya tiki. Nikaitoa. Sikuteleza wala sikukosea. Niliitoa kwa sababu nilijua kitakachofuata, na kwa siku tisa nilizokaa nyumbani nikiteka maji na kusemwa sikuwa nimepata burudani yoyote.

Baba mkubwa akavaa hedifoni zake, kubwa kama vifuu viwili, akashea skrini. Herufi zikaanza kubingirika.

Kwetu Wagiriama msemaji hasimami akamwaga maneno kama maji ya kunawa. Anaanza kwa "Taireni", na watu wanajibu "Za Mulungu". Katikati ya maneno, akihisi watu wamelegea, anairudia. Akijibiwa na wengi anaendelea, akijibiwa na wawili anajua afupishe. Asipojibiwa kabisa, kikao kimemkataa. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuwaona watu, tangu kabla ya kompyuta, na ni njia nzuri kuliko kompyuta, ila inataka masikio.

"Taireni," akasema baba mkubwa.

Kwenye simu ya mama niliona midomo mitatu ikifunguka na kufumba. Ndani ya hedifoni kulikuwa kimya. Hawe nyuma yetu akaitika, "Za Mulungu," naye baba mkubwa hakumsikia.

"Taireni," akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

Midomo mitatu. Shangazi aliinama kabisa kwenye kamera akaitikia mpaka nikaona dhahabu ya jino lake la nyuma. Hawe akaitika tena, kisha akarudi kwenye mchicha wake. "Amejiziba masikio halafu anatusalimia," akasema.

Baba mkubwa akanigeukia, akainua hedifoni moja. "Wapo?"

"Wapo wote, baba mkubwa."

"Mbona kimya?"

"Sijui. Labda wanatafakari."

Akarudisha hedifoni. Shingo yake ilikuwa imevimba. Angeweza kufunga slaidi akawatazama, lakini mara ya mwisho alipozifunga zilipotea nusu saa, na tangu hapo haziachi, kama mtoto aliyeshika pindo la mama yake sokoni. Basi akaikaripia slaidi ya kwanza. Alisema anajua wanamkataa. Alisema tangu marehemu baba yao afe hakuna anayemheshimu, na kwamba wengine wamepata ajira za ugenini wakaota mapembe, na wengine wanauza mahamri wakadhani wanauza dhahabu. Aliitukana slaidi iliyoandikwa "Madhumuni ya Kikao" kwa muda wa dakika nane.

Mimi nilikuwa nimeuma ukosi wa fulana yangu ili nisicheke. Kwenye simu, shangazi alikuwa ameacha mahamri na alikuwa akijibu matusi yote, moja kwa moja, bila sauti, akinyooshea kamera mwiko. Mafuta yalikuwa yakitoa moshi nyuma yake. Baba mdogo akaandika ujumbe: "Tumezimwa." Nikausoma. Akaandika tena: "Mwambieni ametuzima." Kisha simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu, ni yeye anapiga kwa laini ya mama. Nikamkatia. Akapiga tena, nikamkatia tena. Akanitazama kutoka Uarabuni kwa macho ya mtu anayejua kabisa ni nani anayemkatia.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa akijibu matusi wala kupiga simu. Baba alikuwa ameketi juu ya gunia, akingoja. Yeye akiona kitu kimeandikwa kwa Kiingereza kwenye simu hukibonyeza kiondoke, na nadhani alikuwa ameshaliondoa tangazo la kuzimwa.

"Tuendelee," baba mkubwa akasema hatimaye, akavuta slaidi iliyoandikwa "Nafasi ya Mzazi, Dakika Tano". "Baba mtoto, kwa kuwa uko kazini, unatangulizwa. Sema."

Baba akavua kofia. Akaipangusa midomo kwa mgongo wa mkono. Akaanza kusema.

Sijawahi kumwona baba akisema maneno mengi kwa mpigo. Ni mtu wa kusema "ehe" na "tutaona". Pale alisema, akafikiri, akasema tena. Alihesabu kitu kwa vidole, akafika cha tatu. Kuna mahali alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akaonyesha kimo cha mtoto kwa kiganja, kimo cha chini kabisa, nikajua ni mimi anayenisimulia. Nilijua pia kwamba neno moja tu kutoka kwangu lingemwashia sauti. Lakini neno hilo lingekuja na mengine: nani alizima, lini, na kwa nini nimekaa hapa dakika nane namtazama baba mkubwa akijivua nguo. Nikaanza kupiga hesabu ya namna ya kulisema nikabaki salama. Hesabu zangu huwa za haraka. Siku ile zilikuwa za pole pole.

Baba akageuka upande, mtu alikuwa akimwita. Akaugeukia tena ukoo wake, akainua mkono kushukuru, akavaa kofia, akatoka. Kisanduku chake kikawa cheusi. Alitoka kama mtu aliyetua mzigo.

"Hata mzazi hana la kusema," baba mkubwa akaiambia slaidi.

Ndipo nikainuka. "Baba mkubwa, hapa chini naona kuna alama," nikasema, kana kwamba nimeiona sasa hivi, nikabonyeza. Honi zikaingia, feni ikaingia, shangazi akaingia katikati ya sentensi, "na hizo dhahabu unazosema uliwahi kuzila bila kulipa." Baba mkubwa aliposikia watu, hata wa kumtukana, uso ulimrudi. Hakuuliza walikuwa wapi.

"Yule ndugu yetu alikuwa akisema," baba mdogo akasema. "Mimi nilimwona."

"Ulimwona, ulimsikia?"

"Sikumsikia. Nilimwona."

"Mtandao wa Marereni huo," shangazi akamkatiza kabla hajafika kwenye kuzimwa.

"Mtandao," baba mkubwa akakubali. "Na kikao hakirudiwi kwa sababu ya mtandao, tungekuwa bado tuko kwenye arusi ya juzi. Mzazi alipewa nafasi. Kunyamaza ni kuafiki."

Akavuta slaidi tano kwa mkupuo. Moja ilikuwa na picha yangu ya kipaimara, ameizungushia duara jekundu kana kwamba natafutwa na polisi. Nyingine ilionyesha njia ya kwenda Mariakani kwa mshale. Ya mwisho ilikuwa "Hitimisho", na hitimisho lilikuwa limeshaandikwa, kwa herufi kubwa, tangu kabla yeyote hajafungua kinywa. Lilisema nitaondoka Jumatatu.

"Mshtakiwa ana dakika tatu," akasema. Kwa baba mkubwa hata mwizi wa kuku hupewa dakika tatu, semina ilisisitiza ushirikishwaji.

Mimi nami nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na slaidi nne, za kuchekesha, maana nawajua watu wetu, mtu aliyecheka hawezi kukuhukumu vizuri. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikashea skrini, na simu ya mama nikaiegemeza kwenye kopo la kalamu, kando, kama nilivyofundishwa na naibu bila yeye kujua ananifundisha. Slaidi zangu kulia, watu wangu kushoto. Slaidi ya kwanza ilikuwa mchoro wa ng'ombe wa Mariakani akiwa amevaa sare ya shule. Baba mdogo akacheka papo hapo. Shangazi alijikaza, kisha midomo ikamponyoka. Nikajua ninawapata. Hii ndiyo raha ambayo baba mkubwa hajawahi kuionja maishani mwake, ya kuona neno lako likimfikia mtu usoni.

Nikawa nabonyeza slaidi ya pili, na jicho langu likateremka kwenye kile kisanduku cheusi.

Mtu anayeona slaidi tu angeendelea. Mimi niliwaona. Walikuwa wawili, na nafasi moja tupu ya baba.

"Si mtandao," nikasema.

"Nini si mtandao?" baba mkubwa akauliza.

"Niliwazima mimi. Nikaondoa na ruhusa ya kujiwashia. Baba mdogo aliandika, nikasoma. Alipiga, nikamkatia. Baba alisema maneno yake yote, nilimwona, sikumwashia."

Nilikuwa nawatazama. Baba mdogo alifungua mdomo akacheka kwa nguvu, kisha akakumbuka umri wake akafumba. Shangazi hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anatabasamu, ametulia, kama mnunuzi aliyeonyeshwa kwamba mbuzi ana kasoro na bei itashuka. "Mnaona?" akasema. "Mimi niliwaambia. Mleteni hata kesho."

Baba mkubwa alivua hedifoni. Nadhani alikuwa akizirudia kichwani mwake zile dakika nane. "Kwa hiyo walikuwa wakinijibu?"

"Walikuwa wakikujibu, baba mkubwa."

"Taireni ya kwanza?"

"Zote."

Alitaka kukasirika na alitaka kufurahi, na uso wake haukuwa na nafasi ya vyote viwili. Ilibidi hawe aingilie. Alisema bila kuacha mchicha.

"Mtandao ni wa Mungu, tungeuvumilia. Mtu akizibwa mdomo na mtu, hapo hapana kikao. Kimevunjika. Mwanangu atasikilizwa Jumapili." Halafu akaniambia mimi, "Na wewe mpaka Jumapili utateka maji ya nyumba zote mbili."

Nikateka. Sitaki kuyazungumzia yale madumu.

Jumapili nilikwenda barabarani kumngoja baba. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunipokea. Umevunja nini?"

Nikamweleza tukiwa njiani, yeye mbele mimi nyuma, kwa sababu ni rahisi kuuambia mgongo. Sikupamba.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na chumvi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikarudi kazini nikawaambia wenzangu, leo nimesema, kikao kizima kimetulia kunisikiliza. Hata nyapara nilimwambia."

Nikampokea mfuko wake, nikaubeba mpaka nyumbani.

Baba mkubwa alikuwa ameshaandaa kompyuta, na alikuwa ameongeza slaidi mpya iitwayo "Kosa la Nyongeza", ikiwa na vipengele saba. Herufi zilikuwa zinabingirika tulipoingia. Baba alimwamkia, akamwamkia hawe, akaketi mbele ya kompyuta akitazama zile herufi zinavyogongana.

"Kaka, zifunge hizo. Nataka kuwaona watu."

"Nikizifunga hazirudi."

"Ndiyo."

Baba mkubwa alizifunga kama mtu anayefunga jeneza. Visanduku vikaonekana, shangazi na chupa yake ya chai, baba mdogo na sare yake ya ulinzi. Baba akawasalimia kwa "Taireni", wakaitika, hawe akaitika, na nyuma ya pazia la mlango mtu wa nne aliitika pia kwa sauti ya chini, ambaye hakualikwa.

"Alhamisi nilisema mengi," baba akasema. "Siyakumbuki tena, na hayarudiwi. Leo ni machache. Huyu mtoto ni mjinga. Hakuna haja ya picha, mmeshamwona. Lakini ni mjinga wa kidato cha tatu. Nikimpeleka Mariakani nitakuwa na mjinga wa kidato cha pili. Mimi nimemlipia kwa mgongo huu mpaka hapo alipofika, sirudi nyuma hatua moja. Atamaliza ujinga wake kule kule alikouanzia."

Baba mdogo akasema anaafiki. Shangazi akauliza, "Na adabu?"

"Kesho nitakwenda naye mwenyewe. Nitasimama mbele ya huyo naibu niombe radhi, mimi, kwa kinywa changu, kwamba nimelea vibaya. Yeye atasimama kando anitazame."

"Baba, nitaomba mwenyewe," nikasema.

"Utaomba. Baada yangu."

Kichwani mwangu nilimwona yule naibu, na tumbo lake, akikohoa mara mbili kabla ya kumjibu baba. Nilimwona baba amevua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu barua ije niliona Mariakani si mbali, wala vikombe si vingi. Hawe akasema imekwisha, na baba mkubwa, ambaye hawezi kuacha kikao kiishe bila yeye, akaanza kuzitafuta slaidi zake ili asome hitimisho. Alikuwa bado anazitafuta watu walipoaga.

Nikatoka nje. Mama alikuwa uwanjani, pasi ya makaa mkononi, blanketi limetandikwa juu ya meza. Hakuniuliza wameamua nini. Sketi yangu ya shule ilikuwa imeshanyooshwa na kuning'inizwa kambani.

"Niletee shati la baba yako," akasema. "Lile jeupe. Na uangalie kama lina vifungo vyote."